Vinavyohesabika na Visivyohesabiwa

Juzi alinijia hapa mtaani Kambarage, Shinyanga mjini, binti mmoja aliyemaliza chuo cha ualimu mwaka jana, uso umemsawijika kwa mawazo. Wanafunzi wake wanaandika "the water are hot" kila siku, anawasahihisha kila siku, na kesho yake wanaandika vilevile. Akaniuliza, "Bibi, hawa watoto wana nini?"

Nikamwambia hawana kitu, wana Kiswahili tu. Maji kwetu yanachemka, maziwa yanamwagika, mafuta yanaisha. Nywele zinakatwa, habari zinafika. Vyote hivyo kwetu vina wingi, na mtoto akiingia kwenye Kiingereza anaingia na wingi wake huohuo, hajui kwamba mlangoni anatakiwa auvue. Usimchape wala usimcheke. Ametumia akili, ila ameitumia kwa lugha ya kwao.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii, nawaandikia kwa sababu ya yule binti. Nilifundisha Kiingereza shule za msingi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini mpaka miaka ya themanini ilipokuwa inakatika, Shinyanga vijijini kwanza, kisha Geita. Makosa niliyoyafanya ni mengi, na lile kubwa nitawasimulia, mnivumilie.

Lakini kwanza nimtaje Mwalimu Shija, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia. Nilimkuta katika shule yangu ya kwanza, shule ya udongo na bati kwenye njia ya kwenda Mwakitolyo. Alikuwa mzee wa makamo, mrefu, suruali yake imetiwa kiraka magotini kwa ustadi hata ungedhani ndiyo mtindo. Elimu yake ilikuwa darasa la nane la misheni na kozi fupi ya ualimu. Mimi nilikuwa na cheti kipya, viatu vya visigino, na kiburi cha msichana wa mjini ambaye baba yake aliuza vitambaa karibu na stesheni. Kisukuma changu kilikuwa cha kununulia mboga tu.

Siku ya kwanza niliyochungulia darasani kwake nilimkuta ameweka mezani kibuyu cha maziwa, kata ya kuchotea na vikombe vya bati. Akamwita mtoto mbele. "Nipe maziwa mawili." Mtoto akatazama kibuyu, akatazama darasa, akacheka kwa aibu. "Haya, nipe vikombe viwili vya maziwa." Mtoto akamimina mara moja. Shija akageukia darasa. "Kitu ambacho huwezi kumpa mwenzako mpaka utafute chombo, Mwingereza hakihesabu. Anahesabu chombo." Kisha akaandika ubaoni, "The milk is on the table," na chini yake, "Two cups of milk are on the table." Akaeleza kwamba maziwa yakisimama peke yake yanapewa kitenzi cha mmoja, hata yawe ya kujaza bwawa, lakini vikombe vikitangulia, kitenzi kinafuata vikombe. Darasa zima lilielewa kabla hajaweka chaki chini. Mimi nilikuwa nimesomea jambo hilohilo muhula mzima chuoni na sikuwahi kuliona kwa macho namna ile.

Kanuni yake ilikuwa na matundu, na hakuyaficha. Mtoto mmoja alimwuliza samani ni chombo gani kinachozibeba, maana kiti kinahesabika, meza inahesabika, iweje "furniture" isihesabike? Shija akakuna kichwa. "Hapo Mwingereza alikuwa amechoka, akavirundika vyote pamoja akaenda kulala. Hilo likariri tu, mwanangu." Tangu hapo nimewaambia watoto wangu vivyo hivyo kuhusu ushauri, mizigo na habari. Mwalimu asiyekubali kusema "hili likariri tu" atadanganya siku moja, na watoto wanajua kunusa uongo.

Miaka mingi baadaye, Geita, niliwafundisha watu wazima jioni baada ya kazi, na baadhi yao walikuwa wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye kope. Nilipofika kwenye dhahabu kwamba haihesabiki, mmoja akasimama kwa hasira. "Mwalimu, mimi nimeipata mara tatu maisha yangu yote. Nahesabu." Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia alizozihesabu ni hizo mara, dhahabu yenyewe aliipima. Akafikiri, akakaa. "Basi Mwingereza naye amewahi kuchimba," akasema.

Sasa kosa langu.

Mwaka wangu wa tatu pale shuleni kwa Shija nilipewa darasa la saba. Nilitaka kumpiku Mwalimu Shija, nisiwafiche. Nikaona yeye na vibuyu vyake ni mambo ya zamani. Mimi nitafundisha kwa zana za kisasa na kwa maisha ya watoto wenyewe, kama tulivyohimizwa chuoni. Nikawapa kazi ya nyumbani: kila mtoto aandike kuna ng'ombe wangapi kwao, mbuzi wangapi, kuku wangapi, halafu maziwa kiasi gani. "How many" kwa vinavyohesabika, "how much" kwa visivyohesabika. Hata leo nikiitazama naona ni kazi safi kabisa.

Kesho yake nusu ya darasa waliandika jibu moja: "There are many cows." Kitenzi sawa, wingi sawa, ila namba hakuna. Nikadhani ni uvivu. Nikachukua kalamu nyekundu nikawatia wote mkasi, ile alama ya kukosa, nikawaambia warudie, na safari hii nataka tarakimu.

Katika hao alikuwapo Kabula, binti wa Mzee Masanja. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu bora. Aliandika Kiingereza kwa mwandiko wa mviringo, mdogo, na akikosea neno alikuwa anauma mdomo kama aliyejikata. Hakuwahi kutiwa mkasi mwekundu tangu nimfundishe. Jioni ile akasimama kwenye lango la zizi la baba yake, ng'ombe wakiingia, akanyoosha kidole na kuhesabu mmoja mmoja kwa sauti, kwa Kiingereza. Asubuhi akaniletea namba. Namba hiyo siitaji hapa, nimeshajifunza.

Nikampa alama zote. Na nikaongeza kosa juu ya kosa: nikachukua karatasi kubwa ya manila, nikachora jedwali lenye majina ya watoto upande mmoja na idadi ya mifugo yao upande wa pili, nikaibandika ukutani. Wiki hiyohiyo akaja mgeni kutoka wilayani. Akasimama mbele ya karatasi yangu kwa muda mrefu, akaisifu sana, akatoa kijitabu mfukoni akanakili. Nilijaa sifa mpaka shingoni.

Ninyi mliozaliwa kwenye maboma yenye mifugo mmeshajua. Mimi sikujua kwamba kwa wazee wale ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole wala kwa mdomo. Ukimhesabu unakiita kifo kimtazame. Na sikujua jambo la pili, ambalo si imani hata kidogo: miaka ile watu walikuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vipya, na mwenye kundi kubwa hakupenda ukubwa wake ujulikane ofisini. Watoto walioandika "many" walikuwa wakilinda nyumba zao kwa adabu, nami nikawatia mkasi.

Siku ya tatu baada ya mgeni kuondoka, ng'ombe aliyekuwa akitoa maziwa mengi kuliko wote kwa Mzee Masanja aliumwa na nyoka akafa.

Mzee alikuja shuleni asubuhi, fimbo mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaitikia, "Marahaba, mayu," kwa upole kabisa. Mayu ni mama, ndivyo wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. Upole huo ulinitisha kuliko kelele. Akamwambia Kabula amwonyeshe mstari wao kwenye ile karatasi. Kabula akauonyesha.

"Mayu, mimi sina ugomvi na hicho Kiingeleza," akasema. "Mtoto nilimtoa mwenyewe, sikusukumwa na mtu. Lakini ulimtuma anyooshee kidole ng'ombe zangu, ukaziandika ukutani, na watu wa mbali wakazisoma. Mimi nyumba yangu sikuileta dalasani. Basi na mtoto simleti tena."

Akaondoka naye. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa umebaki miezi miwili. Kabula aliacha daftari lake juu ya dawati, limefungwa vizuri, kalamu juu yake, na sikuthubutu kulisogeza siku nzima.

Mwalimu mkuu alitaka kuandika barua kwa mtendaji ili mzee aletwe kwa nguvu. Sheria ilikuwa upande wetu. Mimi nilikuwa tayari kukubali, maana nililia usiku kucha na nilitaka jambo liishe. Shija ndiye aliyekataa. "Mkimleta kwa mgambo mtampata Kabula kwa miezi miwili, na wadogo zake hamtawaona kamwe." Kisha akanigeukia mimi. Nilitegemea anikaripie. Akasema, "Zuhura, ile karatasi niliiona. Nikadhani umekwisha kuongea na wazee. Nilitakiwa kuuliza, sikuuliza. Tutakwenda wote wawili."

Nimefanya kazi na walimu wengi wenye vyeti virefu, na sijapata mwingine wa kubeba nusu ya kosa ambalo hakulifanya. Nampenda mzee yule mpaka leo, Mungu amrehemu.

Tulikwenda Jumamosi jioni, yeye akiendesha baiskeli, mimi nimekaa nyuma na ile manila imekunjwa mapajani. Njiani alinipa maagizo mawili tu: nisianze kujieleza, na nisiulize chochote chenye neno "ngapi". Ndipo nilipogundua ni mara ngapi kwa siku nilikuwa nikilitumia neno hilo.

Tulimkuta Mzee Masanja langoni mwa zizi, mifugo inarudi. Hakutufukuza. Tukasimama kando yake. Ng'ombe wakapita, kundi refu, vumbi limetanda, nami nikauma ulimi nisihesabu hata moyoni. Wa mwisho alipoingia mzee akabaki ametazama njia. "Yule ndama wa mwenye baka kichwani hayupo," akasema. Mwanawe mkubwa, Masalu, akarudi mbio, na muda mfupi baadaye akaja na ndama aliyekuwa amenasa kwenye miiba.

Nilishangaa hata nikasahau hofu. Mtu yule hakuhesabu kitu, na palipokosekana mmoja alimjua ni nani na mama yake ni nani. Mimi darasani nilikuwa na watoto arobaini na kitu, na akikosekana mmoja nilikuwa naona pengo kwenye orodha, wala sijui ni mtoto wa nani aliyebaki nyumbani na kwa nini.

Tulipokaa shikome, pale penye moto wa jioni wanapokaa wanaume wa boma, nikapiga magoti. "Baba, nimekosa. Sikujua, na sikuuliza. Watoto walijaribu kunifundisha nikawapa mkasi." Nikatoa manila, nikaiweka motoni mbele yake. Ilichukua muda kushika, maana karatasi ile ni nzito, na sote tukaitazama mpaka jina la mwisho likaungua. Kabula alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake, ananiangalia.

Mzee hakusema nimesamehewa. Akasema, "Njoo tena Jumamosi."

Nikaenda. Akanisimamisha langoni akaanza kunifundisha: huyu mwenye pembe iliyoinamia jicho, mama yake alitoka kwa wakwe, huyu mweusi wa tumbo jeupe ni mvivu, hutembea nyuma, huyu na huyu ni ndugu, hawaachani. Nilikosea sana. Nilimwita dume jike, watoto wa boma wakacheka mpaka wakakaa chini, na mzee mwenyewe akageuka upande akifuta macho. Lakini kuhusu Kabula, neno hakuna. Jumamosi ya tatu, ya nne, vivyo hivyo. Wiki zilikuwa zinakwisha na mimi nilikuwa sili vizuri. Nikamwambia Shija kwamba mzee ananichezea tu. Akanijibu, "Wewe watoto wako unawapa mtihani baada ya somo moja?"

Jumamosi ya tano kundi liliingia kama kawaida, na mzee alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Nikahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Sikuhesabu, wallahi sikuhesabu. Nikasema, "Baba, yule wa sikio lililochanika hajapita." Mzee akainuka. Akatazama zizi, akanitazama mimi, akamtuma Masalu. Yule ng'ombe alikutwa nyuma ya kichuguu anazaa.

Jumatatu yake Kabula alikuwa dawatini kabla sijafika. Nilipoingia akasimama pamoja na wenzake wakasema, "Good morning, teacher," nami ilinibidi nigeukie ubao nijifanye naufuta.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu tupu. Tukafundishana asubuhi kabla ya kengele na mchana baada ya kengele, Shija akimshika kwenye hesabu, mimi kwenye Kiingereza. Siku moja tulifika kwenye neno "cattle", ambalo halina umbo la mmoja, halipokei "s", na kitenzi chake ni cha wengi daima. Kabula akalinakili daftarini. "Mwalimu, kumbe Waingereza nao huwaita wote pamoja," akasema, na tukaendelea na zoezi. Alitaka kufidia kila siku aliyoikosa, hata nikahofia afya yake.

Somo lenyewe nalo nililibadilisha tangu mwaka ule. Nilihesabu mawe, vijiti na madawati, na kila nilipohamishiwa mahali niliuliza kwanza wenyeji wana kitu gani wasichopenda kihesabiwe. Mahali pengine ni watoto. Pengine ni makaburi. Swali hilo moja litawaokoa kuliko kitabu chochote cha mbinu za kufundishia, na jibu lake mtalipata mkimwuliza mama anayewauzia mboga.

Kabula alichaguliwa. Alikuwa msichana pekee kutoka shule yetu mwaka ule. Barua ilipofika Mwalimu Shija aliisoma mara mbili, akaikunja, akatoka nje akazunguka shule nzima peke yake, mikono nyuma.

Pamoja na barua ilikuja fomu ya kujiunga na sekondari, na Mzee Masanja akaja nayo shuleni ili nimjazie. Tukakaa, yeye ng'ambo ya meza, Kabula amesimama nyuma yake. Jina la mzazi, kazi, dini, kijiji. Kisha nikafika kwenye mstari uliouliza idadi ya watoto katika familia. Kalamu ikasimama. Nikatafuta namna ya kuuruka.

"Wanauliza nini hapo?" mzee akasema.

"Wanauliza kuhusu watoto wako, baba."

Akaelewa. Akaanza kuyataja majina polepole ili niyafuate kwa kalamu. "Andika Masalu. Andika Kulwa na Doto. Andika Kabula. Andika Limi. Andika Sayi, yeye alishatutangulia kaburini, lakini mwandike." Nikawa naandika kwa herufi ndogo ili watoshe. Nilipofika mwisho nikadhani amemaliza, nikainua kalamu.

"Andika na Zuhura," akasema.

Nikamtazama. "Zuhura yupi, baba?"

"Huyo anayezijua ng'ombe zangu."

Nafasi kwenye mstari ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nililiandika pembeni.